“TB imeondolewa”: kisa cha mgonjwa wa limfoma aliyepata kifua kikuu katikati ya dripu

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya rufaa nchini Tanzania. Umri, mkoa, tarehe na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mgonjwa yameondolewa au kubadilishwa. Nilikuwa mmoja wa madaktari waliomhudumia, kwa hiyo makosa yanayotajwa humu ni yangu pia.

Historia ya mgonjwa

Tumwite Mzee S. Ni mkulima wa miaka hamsini na kitu. Hana VVU wala kisukari, na hajawahi kuvuta sigara. Alianza na uvimbe upande wa kushoto wa shingo, mkubwa kama yai la kanga, usiouma. Akauacha miezi mitatu. Zikafuata homa za jioni, kisha jasho la usiku la kulowesha shuka, na uzito ukashuka kutoka kilo 64 hadi 55.

Katika hospitali ya wilaya alipigwa eksirei ya kifua, ikaonekana safi. Makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB, hakuna kitu. Tezi yenyewe haikuchomwa sindano wala kukatwa kipande kidogo cha kupimwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusoma majibu. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu cha tezi kwa kufuata dalili tu.

Siwalaumu waliompokea. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB duniani, na mtu mwenye tezi shingoni, jasho la usiku na kukonda, ukimwandikia TB utapatia mara nyingi kuliko kukosea. Tatizo ni kwamba limfoma, yaani saratani ya tezi, huja na dalili hizo hizo moja baada ya nyingine. Anayebahatisha haambiwi ni lini amekosea. Anakuja kuambiwa na mgonjwa mwenyewe, miezi kadhaa baadaye, kwa kutopona.

Mzee S. alimeza dawa kwa uaminifu. Kadi yake imejaa alama za tiki bila pengo. Mwezi wa tatu wa dawa uvimbe ulikuwa umekua na mwingine umetokea kwapani. Aliyeshtuka ni muuguzi wa kliniki ya TB. Mgonjwa alitusimulia maneno yake: “Baba, ingekuwa TB, kwa dawa hizi shingo ingekuwa imeanza kunywea. Nakuandikia rufaa, na uende wiki hii hii.”

Uamuzi wa kwanza: kusimamisha dawa za TB

Kwetu tezi ilikatwa kipande ikapimwa. Jibu: limfoma ya seli B kubwa, aina inayokua kwa kasi lakini inayoweza kupona kabisa ikitibiwa. Mtaalamu wa patholojia hakuona vile vinundu ambavyo TB huacha kwenye tezi, na slaidi iliyopakwa rangi ya Ziehl-Neelsen, inayotumika kuwaona wadudu wa TB kwa darubini, haikuonyesha mdudu hata mmoja. Wakati huo mgonjwa alikuwa amemaliza miezi minne ya dawa. Tukazisimamisha.

Tulikuwa na sababu mbili nzito. Rifampisini huchochea vimeng’enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, na baadhi ya dawa za limfoma, hasa vinkristini na prednisoloni, humalizwa mwilini kabla hazijafanya kazi yake sawasawa. Isoniazidi nayo, kama ilivyo vinkristini, huumiza mishipa ya fahamu ya miguu na mikono; kuzitoa pamoja kwa mtu asiye na TB ni kumtafutia ganzi ya bure. Uamuzi huo nausimamia mpaka leo.

Nisichokisimamia ni maneno mawili. Mmoja wetu alichukua kalamu ya wino mwekundu akaandika juu ya jalada la faili: TB IMEONDOLEWA. Hakuweka tarehe. Lilikuwa jibu sahihi la swali la siku ile, kwamba uvimbe huu wa shingo si TB. Halikuwa jibu la kama mtu huyu atakuwa na TB miezi mitano mbele, baada ya sisi wenyewe kuishusha kinga yake. Lakini kila aliyefungua faili lile baadaye alikutana na maneno hayo kwanza, na aliyasoma kana kwamba yameandikwa asubuhi ile.

Matibabu ya saratani

Alipangiwa CHOP, mchanganyiko wa dawa nne za saratani ambao wodini tunauita dripu: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, kila baada ya siku 21, mara sita. Rituksimabu, ambayo kwa kawaida huongezwa, familia haikuimudu. Kabla ya kuanza tulipima homa ya ini aina ya B, na hakuwa nayo.

Prednisoloni kwenye mpango huu ni miligramu 100 kwa siku, siku tano mfululizo. Kwa kuwa ni siku tano tu, watu huizoea, hawaioni tena. Hebu tupige hesabu: miligramu 500 zikigawanywa kwa siku 21 ni karibu 24 kwa siku. Miongozo mingi huchukua miligramu 15 kwa siku kwa mwezi mmoja au zaidi kuwa kiwango kinachoongeza hatari ya TB. Wastani wa namna hii si kipimo rasmi, najua, kwa kuwa mwili haulali siku 16 ukisubiri kugawiwa. Hata hivyo unasaidia kuona kwamba hiki si kidonge cha pembeni. Ongeza dawa tatu zinazopunguza seli za kinga, ongeza na limfoma yenyewe, ambayo ni ugonjwa wa seli hizo hizo za kinga. Katika saratani zote, zile za damu na tezi ni miongoni mwa zinazoongoza kwa kumweka mgonjwa katika hatari ya TB, pamoja na za mapafu na za kichwa na shingo.

Kijijini kwao ni safari ya siku nzima kwa basi. Kwa hiyo kipindi chote cha dripu alikaa mjini kwa mdogo wake: vyumba viwili, watu saba. Faili letu liliandika kijiji. Nyumba aliyokuwa akilala haikuandikwa popote.

Mambo yalivyokwenda

Dripu ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri sana. Shingo ilinywea, uzito ukaongezeka kilo mbili, na mzee akaanza kuuliza habari za kurudi kulima.

Siku ya 11 baada ya dripu ya tatu alikuja na homa ya nyuzi 38.6. Neutrofili, zile seli nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria, zilikuwa 400 tu kwa kila mikrolita. Hiyo ni dharura inayojulikana na haina mjadala: alilazwa, akaanzishiwa seftriaksoni na amikasini ya sindano. Homa ilishuka siku ya nne. Baada ya wiki moja aliruhusiwa na vidonge vya levofloksasini vya siku tano, kwa sababu kikohozi kidogo kilikuwa kimebaki.

Dripu ya nne ilisogezwa wiki moja, kisha akapewa. Eksirei ya siku ile ilionyesha kivuli hafifu upande wa kulia, chini. Iliandikwa: nimonia inayopona.

Siku ya tisa homa ilirudi. Safari hii neutrofili zilikuwa 2,100. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana sisi hatukusimama. Homa ya mara ya kwanza ilikuwa na sababu. Hii ya pili haikuwa nayo. Kinga ya bakteria wa kawaida ilikuwa imesharudi, antibiotiki zilishatolewa, kikohozi kilikuwa na wiki tatu na uzito ulikuwa umeanza kushuka tena. Katika mzunguko wa asubuhi tulikubaliana kwamba huenda limfoma inarudi, tukaomba CT skani. Foleni ya CT ilikuwa wiki mbili. Mtu mmoja alitamka neno TB. Mwingine akagonga jalada kwa kidole, penye ule wino mwekundu, na habari ikaishia hapo.

Aliyefungua njia ni daktari wa mafunzo kazini, zamu ya usiku. Alikuwa anajaza fomu upya kwa sababu ya zamani ilimwagikiwa chai. Akamuuliza binti wa mgonjwa, “Dada, mzee analala wapi hapa mjini?” Binti akajibu, “Kwa baba mdogo, daktari. Chumba kimoja na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Ila na yeye usiku anamsumbua, anakohoa tangu masika.” Masika yalikuwa yamekwisha zaidi ya miezi miwili.

Kupata makohozi haikuwa rahisi. Sampuli ya kwanza ilikuwa mate matupu, na jibu lake likawa hasi. Yule daktari hakuridhika. Akamvutisha mvuke wa maji ya chumvi nzito, nje ya wodi, chini ya mti, mpaka yakatoka makohozi yenyewe. GeneXpert Ultra ikajibu mchana ule ule: vimelea vya TB vipo, usugu wa rifampisini haupo. Tangu homa ya kwanza zilikuwa zimepita siku 42.

Uamuzi wa pili: dawa zipi, na dripu lini

TB tulianza kuitibu siku ile ile: vidonge vitatu vya mchanganyiko wa dawa nne kulingana na uzito wake, pamoja na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu. Ini lilipimwa kila wiki. Wiki ya tatu kimeng’enya cha ALT kilipanda mara nne ya kawaida, lakini hakuwa na kichefuchefu, macho hayakuwa ya njano, na alikuwa anakula. Kanuni inayotumika ni kusimamisha dawa ALT ikizidi mara tatu kwa mwenye dalili au mara tano kwa asiye nazo. Tukaendelea nazo tukiwa na wasiwasi, na kikashuka chenyewe.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya dripu ya tano. Mwenzetu wa TB alitaka miezi miwili ya mwanzo iishe kwanza. Mwenzetu wa saratani alisema limfoma ya aina hii haina subira ya miezi miwili, na akiachwa nusu ya njia inaweza kurudi ikiwa sugu. Wote wawili walikuwa na hoja, na hakuna tarakimu moja inayokubalika duniani kote ya kumaliza ubishi huo. Tulichofanya ni kuacha kuhesabu wiki tukaweka masharti: homa iwe imekoma kwa siku kumi, uzito uwe unapanda, ini liwe limetulia. Masharti yalitimia wiki ya tano. Dripu ikatolewa ikiwa imechelewa wiki tano na nusu.

Vinkristini tuliiacha kuanzia hapo. Mzee alikuwa ameshindwa kufunga vifungo vya shati lake, na isoniazidi ilikuwa lazima iendelee. Sina hakika kama tulifanya sawa. Kwa upande mmoja rifampisini ingeipunguza nguvu. Kwa upande mwingine, ile sehemu ndogo iliyobaki pengine ingetosha kumdhuru bila kumponya. Mwingine angeitoa, na nisingemwambia kwamba amekosea.

Matokeo

Alimaliza dripu sita na miezi sita ya dawa za TB. CT ya mwisho haikuonyesha tezi zilizokua. Mwaka mmoja baadaye yu hai, ana kilo 61, anasimamia shamba ingawa halimi mwenyewe. Ganzi ya miguu imebaki: anasema kandambili humtoka njiani asijue, mpaka aione changarawe mguuni.

Kijana wa mdogo wake alipimwa, akakutwa na TB ya mapafu. Watoto wawili wadogo wa nyumba ile walipewa dawa za kinga. Wagonjwa 11 walioketi na Mzee S. siku ya dripu ya nne walifuatiliwa kwa miezi sita na hakuna aliyeugua. Wawili kati yao, wenye lukemia (saratani ya damu), tuliwapa isoniazidi ya miezi sita. Tulikwepa dawa za kinga za muda mfupi kwa sababu zina rifampisini au nduguye rifapentini, na tungekuwa tumeharibu matibabu yao ya saratani.

Uchambuzi: maswali manne yasiyosaidia

Uchunguzi wa TB kliniki nyingi huanza na maswali manne: unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua uzito? Ni maswali mazuri kwa mtu aliyekuja kliniki ya VVU akiwa mzima. Mgonjwa wa limfoma anajibu ndiyo kwa matatu siku ya kwanza kabisa, na la nne litafuata katikati ya matibabu. Kipimo kinachosema ndiyo kila siku mwisho hakisikilizwi, sawa na mbwa anayebweka usiku kucha. Kwetu maswali hayo yalikuwa kwenye fomu, yalijazwa, na hayakusaidia kitu.

Kinachosaidia kwa mgonjwa wa namna hii ni mwendo wa dalili. Homa ya Mzee S. ilipotea katika siku tano za prednisoloni na kurudi zilipoisha, mara mbili. Prednisoloni inashusha homa ya TB, inashusha na ya limfoma, na inamfanya mgonjwa ajisikie vizuri siku ile anayomwona daktari. Tungechora homa kwenye karatasi moja na siku za dawa, tungeuona mwendo huo. Chati za homa zilikuwepo. Zilikuwa kwenye mafaili ya wodi, na siku za dawa zilikuwa kwenye kadi ya dripu, na viwili hivyo havikukutanishwa hata mara moja.

Uchambuzi: antibiotiki zilizotudanganya

Amikasini na levofloksasini zote ni dawa za bakteria wa kawaida. Zote pia zimo kwenye dawa ambazo zimetumika kutibu TB sugu. Kwa maneno mengine, tulimpa mgonjwa wa TB siku saba za dawa moja inayoiuma TB na siku tano za nyingine, akapata nafuu, tukaiita nafuu hiyo uthibitisho wa nimonia. Nafuu ilidumu siku chache. Hatari yake haiishii kwenye kuchelewa: mdudu akigongwa na dawa moja moja hujifunza usugu. Bahati tu kwamba siku zilikuwa chache.

Amikasini siijutii, neutrofili 400 na homa havisubiri falsafa. Levofloksasini ndiyo inayoniuma. Ilitolewa kwa mgonjwa anayeondoka hospitalini akikohoa, katika nchi yenye TB tele, bila makohozi kupelekwa maabara kwanza. Ingechukua saa mbili.

Uchambuzi: vimelea vilitoka wapi

Kwa kawaida tunapozungumzia TB na saratani tunazungumzia vimelea vilivyolala. Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wameambukizwa, na wengi hawaugui maisha yao yote. Kinga ikishuka, kilicholala huamka. Ndiyo maana tulipokaa kukijadili kisa hiki, swali la kwanza lilikuwa: mbona hakupewa dawa za kinga kabla ya dripu?

Kwa mgonjwa huyu swali hilo linapotosha. Alikuwa amemeza rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne, kwa makosa, ndiyo, lakini alizimeza. Kozi ya kinga ya dawa hizo mbili ni miezi mitatu. Kama palikuwa na vimelea vilivyolala, vingi vingekuwa vimekufa. Ukiongeza kijana anayekohoa chumba kimoja naye, inaelekea zaidi kwamba haya ni maambukizi mapya. Hatukuwa na uwezo wa kulinganisha vinasaba vya vimelea vya watu hawa wawili, kwa hiyo nasema inaelekea, sisemi ndivyo.

Tofauti hii ina uzito. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inawataja wanaosubiri kupandikizwa kiungo au uloto, wanaosafishwa damu, wanaoanza dawa za kuzuia TNF (protini ya kinga ya mwili) na wenye vumbi la silika mapafuni kuwa wapimwe na kukingwa. Wagonjwa wote wa dripu za saratani hawamo kwa jumla. Kuna wanaotaka waongezwe. Lakini hata wangeongezwa, kinga ya kidonge isingemsaidia Mzee S. kama tungemrudisha kila jioni kwenye chumba kile. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza analala na nani.

Na hapa nchi hii ina deni na historia yake. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanyika hapa na daktari Karel Styblo ndiyo iliyozaa mkakati wa matibabu ya kusimamiwa uliokuja kuenezwa duniani. Kufuatilia watu wa nyumba moja na mgonjwa wa TB tunajua kwa zaidi ya miaka arobaini. Ila tunakujua kuanzia kwa mwenye TB kwenda kwa wengine. Kuanzia kwa mwenye saratani kuelekea kwa anayekohoa nyumbani mwake, hakuna fomu inayosema hivyo.

Kilichobadilika

Jalada halina tena nafasi ya kuandika “imeondolewa”. Anayetaka kuandika habari ya TB anaandika kipimo, sampuli na tarehe. Kadi ya dripu imeongezewa mstari mmoja, unaojazwa kila baada ya siku 21 maana watu huhama: unalala wapi sasa, na nani anakohoa hapo? Mwezi wa kwanza wauguzi waliulalamikia. Wagonjwa ndio walioupokea. Wengi wanataja nyumba za kupanga, misikiti na makanisa yanayowapa hifadhi, na mmoja alitaja benchi la stendi.

Chumba cha dripu bado kinatusumbua. Wagonjwa 11 wenye kinga iliyoshuka walikaa saa tano na mtu mwenye TB, milango imefungwa, kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile. Tumekubaliana kufungua madirisha saa zote za kazi. Wagonjwa wanalalamikia vumbi, mafundi wanalalamikia umeme, na madirisha mawili ya upande wa nyuma hayafunguki kabisa: yalipigiliwa misumari siku kiyoyozi kilipofungwa.